"Si una bima ya NHIF? Sasa unadai nini?"

Najua nimepotea sana, na kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, sijadisko. Nipo Mlimani, natembea (mwendo wa bata kidogo, lakini natembea), na semesta hii namalizia kozi nilizoziacha njiani wakati wenzangu mnaendelea na maisha. Leo nataka nitoe la moyoni kuhusu ile ajali yangu, maana kila nikikutana na mtu kantini swali ni lile lile: "Vipi, walishakulipa?" Jibu fupi ni bado. Jibu refu ndiyo hili, kwa hiyo tafuteni chai.

Kwa wasioijua habari yenyewe: Jumamosi moja ya Novemba 2023 nilikuwa nimekwenda nyumbani Mapinga kumwona mama. Saa moja na nusu jioni nikawa nimesimama kituoni, upande wa kurudi Dar, nasubiri gari la kunifikisha Bunju. Pembeni yangu kuna jamaa anachoma mahindi. Gari ndogo ikaja kutoka upande wa Kerege, ikaacha lami, ikapita na jiko la mahindi, halafu ikapita na mimi. Mwenye mahindi aliruka mtaroni akanusurika. Mimi mfupa wa ugoko wa mguu wa kulia ulikatika vipande vitatu. Nakumbuka makaa yamemwagika barabarani yanawaka, na dereva anashuka na ndala mguu mmoja, ananuka pombe hadi mimi niliyelala chini nasikia, anauliza: "Nani kaweka jiko barabarani?"

Nacheka sasa. Siku ile sikucheka.

Hospitali nikawekewa ile michuma ya nje ambayo watu wanaiita antena, miezi minne. Baada ya hapo hogo wiki sita. Baada ya hogo magongo. Nikaahirisha masomo, na mnajua ukiahirisha bumu nalo linasimama. Hayo tuyaache, nilishayalia yakaisha.

Ninachotaka kukisema kinaanzia siku ya tatu pale wodini. Ulikuja ujumbe wa watu wanne, wazee watatu na mama mmoja, na kikapu cha machungwa. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia vizuri, wakanipa pole ya kweli kabisa, yule mama akanifuta jasho kwa khanga yake. Dereva ni mtu wa Kiharaka, tunafahamiana, mama yangu aliwahi kumpikia mkewe uji wa uzazi. Wakasema shetani alimpitia tu. Wakasema mambo haya tuyamalize kinyumbani, mambo ya polisi na mahakama ni ya watu wasiojuana. Wakatoa laki tatu. Na karatasi. Karatasi ilikuwa imeshachapwa, ina nafasi ya jina langu, ina nafasi ya shahidi, na sentensi moja ninayoikumbuka maana yake mpaka leo, kwamba nikishapokea hizo fedha sitakuwa na dai lolote, kwa mtu yeyote, sasa wala baadaye.

Mama akachukua kalamu. Msimlaumu. Mama anauza vitumbua asubuhi pale kwetu, wateja wake ni hao hao, na msibani tutakutana na hao hao. Nikasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba naomba nifikirie. Mzee mmoja akanitazama kwa huruma akasema: "Binti, si una bima ya NHIF? Matibabu umelipiwa. Sasa unadai nini?" Na mwingine akaongezea kwamba namshukuru Mungu sura haikuguswa, nitaolewa tu. Mnh!

Aliyeniokoa ni chumbamate wangu anayesoma sheria. Nilimbipu, akapiga, nikamweleza, akasema maneno matatu tu: "Usisaini kitu chochote."

Sasa nianze na hilo swali la mzee, maana naona ndilo linalowaangusha wengi, na kusema kweli hata mimi lilinikata maneno siku ile. NHIF ni bima YANGU. Ni ile niliyoilipia 50,400 wakati wa usajili. Inalipa hospitali (na si kila kitu, wenye ndugu wagonjwa mnajua). Haikulipa teksi ya kunipeleka kliniki kila wiki mbili nikiwa na mguu usiokunjika. Haikumlipa mama aliyefunga biashara wiki sita aje aniogeshe. Haikurudisha hela ya hosteli ya semesta ambayo sikuilala. Hailipi mwaka wangu, haiupimi usingizi nilioukosa, na sidhani kama inajua kwamba mguu huu sasa ni mfupi kuliko mwenzake. Huyo aliyenigonga hawezi kujificha nyuma ya akiba yangu mwenyewe. Ni kama mtu akuchomee nyumba halafu akuulize kwani huna ndugu wa kukuhifadhi?

Bima inayohusika ni ya gari. Hii wengi tunaijua kwa jina la bima ndogo, na tunaiona ni kitu cha kumridhisha trafiki. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila anayeingiza gari barabarani awe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na mtu wa tatu ndiyo mimi niliyesimama kituoni na wewe unayekwenda Mlimani City kwa miguu. Kwa gari ndogo ya mtu binafsi bei tuliyoizoea ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Gawanya kwa siku, haifiki shilingi 330. Hela ya andazi. Na kwa hela ya andazi bado kuna watu wanazungusha gari mwaka mzima bila kulipia!

Kitu cha kwanza nilichoambiwa pale mtaani ni kwamba nisijisumbue, kwa sababu dereva alikuwa amelewa, na kampuni za bima hazilipi walevi. Nilikubali kabisa. Ina mantiki, eti? Kumbe si hivyo. Kampuni inaweza kukataa kumlipa mlevi gari LAKE. Lakini sheria haiiachii kampuni imkimbie mtu wa tatu kwa kisingizio cha hali ya mwili au ya akili ya dereva. Inamlipa aliyeumia kwanza, kisha inamgeukia mteja wake imdai ilichotoa. Hili nalirudia kwa sababu nimeongea na watu wawili waliogongwa na walevi, mmoja wa Boko na mmoja wa Zinga, na wote wawili walikata tamaa wenyewe, bila kampuni kusema hata neno moja. Walikatishwa tamaa na stori za kijiweni.

Sawa. Kwa hiyo mimi nikajua nimeula. Nikachukua namba ya gari, chumbamate akaiingiza kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, ambao unakuonyesha kama gari ina bima hai. Ikaja: bima ipo, haijaisha. Tulipiga kelele chumba kizima.

Furaha ilidumu kama mwezi.

Ile gari, wadau, ilikatiwa bima ya matumizi binafsi. Na jioni ile ilikuwa na abiria watatu waliolipa nauli kutoka Bagamoyo mjini. Ni mchomoko. Mwenye gari yuko Tegeta, dereva anampelekea hesabu kila siku. Bima ya gari ya abiria ni ghali zaidi, wanahesabu mpaka viti, kwa hiyo mwenye gari alifanya wanavyofanya wengi, akakata ile ya bei nafuu akaingiza gari kazini. Kampuni (siitaji, tusije tukapelekana tena) ikaandika barua fupi ya adabu kusema kwamba gari ilikuwa inatumika nje ya matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba, hivyo haioni kama inawajibika. Ulevi haukuwapa pa kutokea. Nauli ya abiria watatu ikawapa.

Hapo ndipo nilipoielewa shida yetu ilipo hasa. Wote tunaimba kuhusu walevi. Mlevi ni mbaya, ndiyo, na sheria yetu inamwekea mpaka wa miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, japo kwa maoni yangu mpaka huo ni mrefu mno. Lakini mlevi mwenye bima kamili angenivunja mguu na ningelipwa. Aliyenivunja mara ya pili ni mtu ambaye hakunywa hata soda siku hiyo. Alikuwa amekaa kwake Tegeta anasubiri hesabu, na alishaokoa vijisenti vyake miezi mingi kabla, siku aliyokata bima ya uongo.

Na huyo ndiye hakuja wodini. Machungwa yalitoka kwa ndugu wa dereva, ambaye hana kitu, ana nyumba ya vyumba viwili isiyopigwa lipu na watoto watatu. Ukishinda kesi dhidi yake utakamata nini, mabati? Ndiyo maana wakili wa msaada wa kisheria alisisitiza tuwaunganishe wote wawili, dereva na mwenye gari, kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi ya mwenye gari. Mwenye gari anasema hapana, siku hiyo dereva alijichukulia gari bila ruhusa. Wale abiria watatu ndiyo wanaoweza kusema kama ilikuwa siku ya kazi. Mmoja tumempata. Namshukuru sana na sitasema ni nani.

Nieleze kidogo njia yenyewe ilivyo, kwa sababu nikiwa kitandani sikuipata kwa mtu hata mmoja. Huwezi kuamka ukaishitaki kampuni ya bima moja kwa moja kwa sababu huna mkataba nayo. Unamshitaki aliyekuumiza na mwenye gari, unapata hukumu, halafu kampuni ndiyo inatakiwa kuilipa hukumu hiyo. Ila kampuni lazima ipewe notisi ya kesi mapema. Usipoipa, ukifika mwisho na hukumu yako mkononi itakwambia haikujua kitu. Hata kama imeshakuandikia barua ya kukataa kama mimi, notisi peleka, barua si hukumu. Na muda: madai ya namna hii yana miaka mitatu tu tangu siku ya tukio. Inaonekana mingi. Kwangu miezi kumi ya kwanza ilikwisha kwenye antena, hogo na magongo, na miezi mingine ilikwisha kwenye "njoo Jumatatu".

Tena karatasi! Kuna PF3 ya polisi, ambayo mama aliihifadhi ndani ya Msahafu ili isipotee (haikupotea). Kuna ramani ya ajali. Kuna ripoti ya daktari. Kuna nakala ya mwenendo wa kesi ya trafiki, maana dereva alifikishwa mahakamani, akakiri kuendesha kwa uzembe, akatozwa faini, akarudi nyumbani. Faini ilikwenda serikalini, mimi sikupata hata mia, na mtaani ikahesabika kwamba mambo yamekwisha. Yule hakimu angeweza kuamuru fidia pale pale, sheria inamruhusu, lakini hakuna aliyeomba. Mimi ningeomba vipi, sikujua hata tarehe ya kesi. Halafu lile kosa la ulevi halikuwemo kabisa kwenye hati ya mashitaka, kwa sababu katika kituo alichopelekwa usiku ule hakupimwa. Mtaa mzima ulisikia harufu, lakini harufu haina kielelezo.

Na risiti. Hapa niwape siri moja ya wanasheria. Hasara ulizotoa mfukoni lazima uzitaje moja moja na uzithibitishe, Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo tangu 1992 na mahakama zinalirudia mpaka leo. Yale maumivu na usumbufu ndiyo hakimu anakadiria kwa busara yake. Sasa niambieni, bodaboda gani wa Mapinga anatoa risiti? Chumbamate alininunulia daftari la kaunta, nikaanza kuandika: tarehe, nilikwenda wapi, nani alinibeba, shilingi ngapi, sahihi yake. Madereva wa bajaji walinicheka mwanzoni, baadaye wakawa wanaidai wenyewe, "dada leta daftari nisaini."

Wenzetu wanafanyaje? Uganda sheria yao ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni moja ya huko kwa kila aliyeumia. Milioni moja ya Uganda! Haifiki hata milioni ya kwetu. Kila gari ina stika na aliyeumia bado anabaki na deni. Kenya sheria imeweka kikomo cha milioni tatu za kwao kwa mtu mmoja, ni afadhali, ila wao walikumbwa na balaa jingine: kampuni zilizokuwa zinakatia matatu bima zikadondoka zenyewe, United Insurance mwaka 2005, Blue Shield ikawekwa chini ya usimamizi 2011, na watu wenye hukumu zao mkononi wakabaki wamezishika. Afrika Kusini wana mfuko kabisa, Road Accident Fund, unaokatwa kwenye kila lita ya mafuta, na unamlipa aliyeumia hata kama gari halikuwa na bima au lilikimbia. Linasikika kama pepo, lakini mfuko wenyewe umezama kwenye madeni miaka mingi na mawakili wanajilia humo, kwa hiyo sishauri tuunakili mzima mzima. Mimi nashawishika zaidi na Uingereza. Tangu 1946 kampuni zote zinazouza bima za magari zinachangia chombo kimoja, na chombo hicho ndicho kinamlipa aliyegongwa na mtu asiye na bima. Yaani wenye biashara wenyewe wanabeba tundu la biashara yao.

Naona watu wa uchumi mmeshaanza kunoa visu, kwamba gharama hiyo itahamia kwa mteja na bima ndogo itapanda. Itapanda, ndiyo. Ikipanda elfu tano kwa mwaka nani atauza gari? Na nyie watu wa "tuongeze faini za walevi", ongezeni, siwakatazi. Mimi sijawahi kuona faini iliyonunua magongo.

Kuhusu kuyamaliza kinyumbani. Nimeitwa mkorofi, nimeambiwa chuo kimenipa kiburi, mwenyekiti wa kitongoji alimwambia mama kwamba mtoto anayesoma sana anasahau watu. Mimi sipingi suluhu. Nimelelewa pwani, najua thamani ya watu kukaa mkekani wakayamaliza. Lakini suluhu ya mtu aliye kitandani siku ya tatu, ana dawa za usingizi kichwani, hajui kama mguu utabaki au utakatwa, hiyo si suluhu, huko ni kumuwahi. Wangekuja baada ya miezi sita, na mwenye gari wa Tegeta akiwepo, tukafungua daftari tukahesabu, ningekaa. Hata sasa nitakaa. Tuliwapelekea ujumbe huo mara mbili kupitia kwa imamu. Dereva alikubali kuja. Mwenye gari hakujibu.

Basi kesi ipo Mahakama ya Wilaya, tuliifungua ndani ya muda, kampuni imepewa notisi yake, na utetezi wao wa mchomoko tutakutana nao huko huko. Inaweza ikawa kweli hawadaiwi kitu, najua, wakili amenieleza bila kunificha. Ikiwa hivyo nitabaki na mwenye gari na lile gari lenyewe, ambalo, mtashangaa, bado linatembea njia ile ile. Nililiona Desemba pale Bunju limepakia abiria. Nikaingiza namba kwenye simu kuangalia. Bima: binafsi.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani, na nilipokuwa natafuta bajaji ya kuniingiza ndani, nani akatokea? Yule dereva. Siku hizi anasaidia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na watu wanasema pombe ameacha. Akanisalimia vizuri, akauliza mguu unaendeleaje, nikamwambia baridi ikija unauma. Akaangalia chini. Bajaji ilipofika akanilipia, elfu moja, akaondoka haraka kabla sijasema kitu. Mwenye bajaji, kwa mazoea, akanyoosha mkono anadai daftari asaini.

Nilikuwa nalo kwenye begi. Nikamwambia leo nimelisahau chuo.

Haya, wacha nikimbilie Yombo, kuna kipindi saa nane na mimi mwendo wangu mnaujua. Tarehe ya kesi ikitoka nitawajuza. Wenye magari, angalieni stika zenu inasema nini, si mpaka lini tu.